Nilimzimulia Mtoto Dawa ya Nywele, Akajitwika Kosa Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa mafuta ya nywele, au ndivyo nilivyojiambia nilipochukua kalamu hii, na salamu utazikuta mwisho, kwa sababu najijua, nikianza na salamu nitaishia hapo hapo na karatasi nitaichana.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja nimemzaa na mmoja nimemkuta, kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi, tunaishi vyumba viwili na bafu letu wenyewe, na juu ya sinki la bafuni kuna rafu ambayo ndiyo chanzo cha yote, maana nyumba yangu ina vichwa vinne na hakuna hata viwili vinavyopatana. Cha mume wangu, ambaye ni fundi wa mafriji, kinanyolewa kila wiki na kila kikinyolewa shingo inajaa vipele na juu kuna mba. Changu kimeshachoka na dawa za miaka ya usichana, pembeni hakuna kitu, nikivua kilemba kioo nakipa mgongo. Cha binti yangu wa miaka mitano, tunamwita Kadogo, kina nywele laini za kuteleza, ukimfunga bendi saa moja asubuhi saa mbili iko sakafuni. Halafu kuna cha Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ana miaka tisa, mama yake alifariki yeye ana miwili, mwaka uliofuata nikaolewa mimi, na ananiita Ma'mdogo. Nywele zake ni nyingi, nene, zimejisokota zikashikana, ukizilowesha zinarudi zote kichwani ukadhani ni fupi, ukizivuta zinafika mabegani. Ni nywele za marehemu mama yake, kila aliyemjua marehemu anasema hivyo, na baba yake akirudi kazini huwa anaweka mkono juu ya kile kichwa kabla hajaweka mfuko wake wa vifaa chini.

Mshauri, nimejaribu. Sisi si watu wa kila mmoja kununuliwa chake, kwa hiyo nikasema nitafute kitu kimoja cha bei nafuu kitakachofaa vichwa vyote. Nikaanza na shampuu ya kupimwa, nikaambiwa inafaa familia nzima, ikatukausha wote na mba ikabaki pale pale. Nikaja na mafuta mazito ya mgando, Bi Mkubwa yakamkubali kidogo, Kadogo yakamlaza nywele zikawa zinaokota kila uzi wa shuka, na baba watoto akajipaka akaenda kutengeneza friji la watu akarudi macho mekundu, kila akiinama yanamchuruzikia. Nikajaribu mayai, maji ya mchele, mshubiri wa kwa jirani, mpaka bafu likawa halijulikani ni la kuogea au la kupikia. Mwishowe nikaangukia kondishena nyeupe ambayo dada wa duka la vipodozi anaichota kwenye debe na kukujazia kopo ulilokuja nalo, na hii kwa kweli ilitufaa, kila mtu akawa na kopo lake kwenye rafu, makopo manne ya jemu yanayofanana, kila moja nimelibandika plasta yenye alama.

Lakini asubuhi kwa Bi Mkubwa ilibaki vita. Mimi saa moja na nusu natakiwa niwe nimeshika pasi, mama mwenye dobi hana msamaha wa dakika, na huku kichana kimekwama kisogoni mwa mtoto, mtoto analia, Kadogo ameshavaa anasubiri na kibendi chake, na wifi yangu anayekaa chumba cha jirani anasikia kila kitu ukutani. Vichana vitatu vilivunjika muhula mmoja. Siku moja wifi alitoka akasimama mlangoni kwangu, hakupandisha sauti, alisema tu, "Mtoto wa mwenzio hachanwi hivyo." Nilishinda siku nzima nikipiga pasi makola na kulirudia neno hilo.

Sasa nikueleze jambo la kazini kwetu ili unielewe. Kwa dobi, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ni kali, ukiimwaga juu ya shati hivi hivi inakula kitambaa, kwa hiyo tunaizimua, kijiko kimoja kwenye ndoo nzima ya maji, inafanya kazi taratibu, shati linang'aa na mwenye shati hajui kitu. Miaka saba nafanya hivyo na sijawahi kuharibu nguo ya mtu. Basi Jumapili moja mchana nimekaa na kile kichwa mapajani, kichana kimeng'ang'ania, nikawaza kwa akili yangu ya kidobi, kwani dawa ya kulainisha nywele nayo si kitu kikali tu, nikiizimua je? Baba yake alishakataa tangu zamani, alisema huyu mtoto hatiwi dawa mpaka awe mkubwa aamue mwenyewe, na mimi nikajidanganya kwamba kijiko kimoja kwenye kopo zima la kondishena si kumtia dawa, ni kulainisha. Nikaenda kwa dada wa vipodozi akanipimia, wala sikumwambia ni ya nini.

Wiki ya kwanza kichana kilipita. Bi Mkubwa alicheka, akasema leo hukunivuta Ma'mdogo, nikaona nimepata. Wiki ya pili nikatia vijiko viwili. Na kondishena yenyewe, mshauri, ni ile ya kuacha kichwani, haisuuzwi, nilimpaka, nikamsuka mistari juu yake, ikashinda humo Jumapili mpaka Jumapili. Wiki ya tatu aliniambia inawasha, nikamjibu ukitaka uzuri sharti udhurike, maneno ambayo kila nikiyakumbuka natamani ningekuwa bubu. Siku ya Alhamisi baba yake alimkuta anajikuna kwa kalamu katikati ya mistari, akaniambia nimfumue. Nikamkalisha bafuni, nikashika mstari wa kwanza, ukabaki mkononi mwangu.

Ni sehemu mbili, moja kisogoni upana wa kiganja na moja nyuma ya sikio, ngozi mbichi inatoa maji. Baba watoto alisimama mlangoni akauliza hiki ni nini, na mimi mdomo ulinitangulia, nikasema amechezea dawa yangu ya nywele. Nilijua pale pale nimesema kitu kibaya, lakini kilikuwa kimeshatoka. Nikamwangalia Bi Mkubwa, nikiomba anikane na papo hapo nikiomba asinikane. Baba yake akamuuliza kama ni kweli. Yule mtoto aliniangalia, kisha akasema, "Ndiyo, baba. Nilitaka ziwe kama za Kadogo."

Hakuna aliyemfundisha, mshauri, naapa. Baba yake hakumpiga wala hakumfokea, angemfokea ningeweza kuingia kati nikasema. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamwambia hizo zilikuwa nywele za mama yako, akaondoka. Kesho yake alimpeleka zahanati, mwuguzi akaambiwa mtoto kajipaka dawa mara moja, akatoa mafuta ya kidonda. Tangu siku hiyo baba yake akirudi kazini anaweka mfuko chini na kupita.

Na sasa ameamua. Shule zikifungwa, Jumamosi ya wiki ijayo, anampeleka kwa bibi mzaa mama, si kwa likizo, akakae huko na shule asomee huko, kwa sababu anasema hapa mtoto anajilinganisha na mdogo wake mpaka anajichukia. Ameshaongea na bibi kwa simu, bibi amekubali, wifi ameambiwa akasema bora iwe hivyo. Nguo zake nimezipiga pasi mwenyewe, zimekunjwa ziko kwenye begi. Jana tulibaki wawili, nikataka kusema, nikaishia kulia, na Bi Mkubwa akaniambia, "Usijali, Ma'mdogo. Sitasema." Halafu akaenda kuleta kigoda mwenyewe, akakaa, akanipa mgongo nimpake dawa ya kidonda, na mabega ameyakaza kabla sijamgusa.

Kwa hiyo naomba unisaidie, kuna mafuta gani ya bei nafuu yanayootesha nywele haraka, ili bibi asimwone hivi, na jingine ninalouliza ni kama nikinyamaza nitakuwa nimekosa sana, maana mtoto mwenyewe amekubali, nyumba imetulia, pengine kwa bibi atapendwa zaidi, na nikisema huenda begi litakalotoka likawa langu, na Kadogo atakuwa na kosa gani? Mama wa kambo akikosea mara moja watu husema ndivyo walivyo. Salamu zako ndizo hizi, nakusoma kila wiki, baba watoto naye hukusoma akishamaliza kurasa za michezo.

Ni mimi, Mpiga Pasi

*

Mpiga Pasi,

Salamu nimezipokea. Mafuta sina. Hakuna ya bei nafuu wala ya bei mbaya yatakayootesha nywele juu ya ngozi iliyoungua kufikia Jumamosi, na atakayekuuzia anakuibia. Pale kwenye kidonda usipake kitu isipokuwa alichotoa mwuguzi, na huyo mwuguzi mrudie, kwa sababu ametibu mtoto aliyejipaka dawa mara moja, wakati wewe una mtoto aliyekaa na dawa kichwani wiki tatu. Hayo si maradhi mamoja. Mwambie ni nini, vijiko vingapi, siku ngapi.

Na kabla hatujaendelea, kopo liko wapi? Umeniandikia kurasa nzima, umenieleza plasta, alama na rafu, lakini hukusema popote kwamba umelimwaga. Makopo manne yanayofanana, na una mtoto wa miaka mitano anayefikia sinki. Acha kusoma kwanza, nenda kalimwage, kisha urudi tuzungumze.

Haya. Nakuonea huruma, na siyo ya mdomoni. Najua asubuhi ya mtoto analia, saa inakimbia, na wifi ana sikio ukutani. Najua neno mama wa kambo linavyomfanya mtu mzima anyate nyumbani kwake mwenyewe. Ulichofanya kwa kijiko kilikuwa ujinga, ila ujinga wa mtu aliyechoka aliyetaka mtoto asivutwe na yeye asichelewe. Shati likiungua haliwezi kukwambia, ndiyo maana miaka saba hukuwahi kupata kesi. Huyu alikwambia inawasha, ukamjibu kwa methali. Hilo nalo, ukiniuliza mimi, linasameheka, kwa sababu mama gani hajawahi kumwambia mtoto avumilie.

Lisilosameheka kirahisi ni lile ulilomjibu baba yake pale mlangoni, na kila siku unayoamka nalo unalifanya upya. Unasema mtoto amekubali. Acha hiyo. Mtoto aliwaangalia watu wazima wawili, akaona mmoja amekwama, akaamua kumkinga. Alishazika mama mmoja kabla hajajua kusema vizuri, na nadhani hakutaka awe sababu ya kumpoteza wa pili. Ulikuwa wewe wa kumkinga yeye. Sasa umekaa unaniuliza kama nyumba imetulia. Imetulia kwa sababu aliyebeba ni mdogo na halalamiki.

Umeshangaa alilipata wapi lile jibu la nywele za Kadogo. Soma barua yako. Za Kadogo umeziita laini, za kuteleza. Za kwake umeziita vita. Kama ndivyo unavyoandika kwa mtu usiyemjua, ndivyo unavyosema hapo bafuni kila siku huku yeye amekaa kwenye kigoda. Baba yake amekosea kumdhania mtoto anajichukia kwa wivu, lakini jibu la mtoto nalo si uwongo mtupu. Kuna ukweli ndani yake, na huo unakuhusu.

Bibi namheshimu, na huenda uji wake ni mtamu kuliko wako. Mtoto kwenda kwa bibi si msiba. Ila kuna mtoto anayepelekwa kwa bibi na kuna mtoto anayeondolewa kwao kwa kosa la mtu mwingine, tena huku yule mtu ndiye aliyemkunjia nguo. Akifika huko bibi naye atamuuliza kichwa kimekuwaje, na itabidi adanganye tena, na ukubwani atamsimulia mtu, na mtu huyo atamuuliza Ma'mdogo wako alikuwa wapi.

Hilo la nywele nalo nikujibu, usije ukasema nimekugombeza tu. Kidonda kikipona na mwuguzi akiruhusu, nywele zake zichanwe Jumamosi mchana, siyo asubuhi ya kazi. Zilowe kwanza. Zigawe mafungu, uanzie nchani ukipanda kwenye mzizi, vidole vitangulie, kichana cha meno mapana kifuate. Ile kondishena ya debe inamtosha kabisa bila nyongeza yoyote, na mafuta kidogo juu yake ili unyevu usiondoke, kisha mistari isiyovutwa, na asubuhi asiguswe na kichana. Nywele zake hazina ukorofi, zinataka maji na mtu asiye na haraka. Akitaka zilizobaki zikatwe zianze pamoja, aamue yeye. Kadogo mwache bila mafuta ya mgando. Baba watoto aulize zahanati dawa ya kuoshea mba, mafuta yanamzidishia. Wewe punguza kukaza kilemba, pembeni hapo panaliwa na mkazo. Vichwa vinne si shuka za nyumba ya wageni, haviingii ndoo moja, na kulazimisha viingie siyo kubana matumizi.

Sasa lililobaki. Barua yako ilinifikia Jumatatu, na ulikuwa umeandika namba ya simu nyuma ya bahasha. Jibu lote la hapo juu nilikutumia kwa namba hiyo Jumanne asubuhi, nikaona umelisoma. Nikakuuliza kama niichape barua au niiweke kando, maana dobi, fundi wa mafriji na makopo ya jemu si mambo ya nyumba kumi, baba watoto ataitambua kabla hajafika katikati. Ukanijibu neno moja: chapa. Nikakuuliza kama umeshasema. Hukujibu mpaka tunakwenda mitamboni.

Nimekuelewa, mama. Unataka gazeti likusemee. Unataka amalize kurasa za michezo, afungue huku, na akiinua macho yote yawe yameshajulikana bila wewe kufungua mdomo. Halafu Bi Mkubwa je? Atasafishwa na karatasi, na wewe utakuwa umenyamaza mbele yake mara ya pili. Ule uwongo aliusikia kwa masikio yake kutoka kinywani mwako, na huo ndio mlango pekee ambao ukweli unaweza kupitia ukamfikia.

Leo ni Ijumaa na kesho ndiyo Jumamosi yenyewe. Ukilinunua gazeti hili wewe kabla yake, lifiche kwenye mfuko wa nguo chafu mpaka umalize. Mkalisheni mtoto kati yenu, na baba yake asisimame mlangoni. Usianze na kichana kilichokwama, wala na mama mwenye dobi, wala na maneno ya wifi, hayo yote ni kweli na yatapata siku yake. Usilie kwanza, kwa sababu ukilia atainuka yeye akubembeleze. Mwangalie baba yake usoni, useme maneno manne: si yeye, ni mimi. Kisha nyamaza. Akifoka, akufokee wewe.